Barua ya wazi kwa Baraza la Kiswahili: tupeni neno la mtu huyu

Kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na kwa wote mnaokaa kutunga na kuhakiki kamusi zetu.

YAH: OMBI LA NENO MOJA

Wakubwa wangu, shikamooni. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sentensi hiyo nimeiweka kwenye kila barua rasmi niliyowahi kuandika, na hadi leo sijui inamtaka msomaji afanye nini. Mtu anahusikaje na kichwa cha habari? Anakikalia? Siku moja nilimuuliza dada aliyekuwa ananichapia barua, nikamwambia, hivi hapa si tungesema moja kwa moja ninachotaka? Akanitazama juu ya miwani. "Ndivyo inavyoandikwa, kaka." Akachomoa karatasi, nikalipa, nikaondoka na kuhusika kwangu. Leo nimeirudia makusudi, kwa sababu ndiyo shida yenyewe iliyonifanya niwaandikie.

Mimi ni Mpare wa Usangi, makazi yangu Moshi mjini. Kwa miaka 16 nimepanda na kushuka Kilimanjaro na wageni, kwanza kama mgumu, ndivyo wapagazi tunavyoitana huku, kisha kama mwongoza wageni. Magoti yalipogoma nikashuka mazima, sasa nakodisha viatu na makoti ya kupandia mlima. Siyo mtaalamu wa lugha. Ila natumia Kiswahili tangu naamka hadi nalala, na kuna mtu mmoja ninayekutana naye kila siku, wakati mwingine kwenye kioo, ambaye sina jina la kumwita.

Nianze na mwenyekiti wetu. Tuna kikundi cha kuweka na kukopa, kama vilivyojaa kila mtaa. Mwenyekiti ni mzee wa heshima zake, hajawahi kula shilingi ya mwanachama, na hilo kwa vikundi vya siku hizi si jambo dogo. Akimaliza kusoma taarifa ya mwezi anakunja karatasi mara mbili, anavuta koti lishuke vizuri, halafu anasema: "Ndugu wanachama, naomba kuwakilisha." Tumemzoea. Mwaka juzi akajiunga mwalimu wa shule ya msingi, binti mdogo, mpole. Kwenye kikao chake cha tatu akanyoosha mkono.

"Mzee, shikamoo. Samahani sana. Nadhani pale ni kuwasilisha. Kuwakilisha ni kusimama badala ya mtu."

Alisema kweli, nanyi mnajua kuliko mimi. Wasilisha limetoka kwenye kuwasili: taarifa unaifikisha, inawasili kwa wenyewe. Wakilisha limetoka kwa wakili. Ukiomba kuwakilisha taarifa, maana yake taarifa imeugua haikuweza kuja, wewe umekuja kwa niaba yake.

Mzee hakukasirika. Alicheka kidogo. "Marahaba mwanangu. Mimi nimewakilisha taarifa kwenye kikundi hiki tangu sanduku letu lina kufuli moja, sasa lina kufuli tatu. Maafisa maendeleo ya jamii wanne wamepita hapa, wote nimewawakilishia, na wote wamepokea. Leo uzeeni ndiyo nianze kuwasilisha?"

Ukumbi mzima ukacheka, wengine wakapiga makofi. Binti akakaa, akaanza kukwangua rangi kwenye kucha. Mwezi uliofuata mzee alisema "naomba kuwakilisha" kwa sauti ya juu zaidi, na mweka hazina, ambaye zamani alikuwa anasema vizuri tu, naye akawakilisha.

Nikaipeleka hadithi hii kijiweni, pale tunapokunywa kahawa na kashata karibu na mnara wa saa. Pana mzee mstaafu aliyefundisha Kilatini seminari. Nilipofika kwenye "wote nimewawakilishia", alipaliwa na kahawa. Tukampiga mgongoni. Akifuta machozi akasema, "Huyo mwenyekiti wenu anaitwa mumpsimus."

Tukadhani ametukana.

Akatusimulia. Kwenye misa ya zamani ya Kilatini, baada ya komunyo, padri husali sala yenye maneno *quod ore sumpsimus*, yaani "tulichokipokea kwa kinywa". Palikuwa na padri mmoja asiye na elimu kubwa ambaye kila siku alisema *mumpsimus*. Neno hilo halipo kwenye Kilatini. Siyo kwamba lina maana nyingine, halipo. Siku akarekebishwa, akajibu kwamba hawezi kuiacha mumpsimus yake ya zamani kwa ajili ya sumpsimus yenu mpya. Msomi Erasmus wa Rotterdam aliiandika hadithi hii kwenye barua ya mwaka 1516. Alikuwa ametoka kuchapisha Agano Jipya la Kigiriki lenye kusahihisha makosa ya tafsiri ya Kilatini, na watu walikuwa wanamjia juu: makosa yetu tumeyasali karne na karne, wewe nani? Mwaka uliofuata, 1517, mwanadiplomasia wa Uingereza Richard Pace akairudia kitabuni kwake, ila kwake padri ni Mwingereza na amekosea kwa miaka 30. Waingereza wakalichukua neno lile lisilokuwepo wakaliingiza kwenye lugha yao. Mumpsimus ni kosa ambalo mtu ameshaonyeshwa na bado analikumbatia; na mumpsimus ni huyo mtu mwenyewe.

Kunywa kahawa kukasimama. Kila mmoja alikuwa ameshampata wake. Mmoja akamtaja shemeji yake, mwingine kocha, mwingine akasema nchi nzima. Halafu tukaanza kutafuta: Waswahili tunamwitaje mtu huyu? Tulikaa mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake. Hatukumpata.

Msiseme hatukujitahidi. Mkaidi tulimtoa mapema: mkaidi anakataa amri. Ni yule mtoto anayeambiwa asipande mwembe. Anaweza kujua kabisa kwamba tawi limeoza, ndiyo maana methali inamsubirisha mpaka siku ya Idi. Mbishi naye anabishana kwa raha ya kubishana. Ukimkubalia anahamia upande wako wa zamani ili mchezo usiishe. Mjuaji anaongea asilolijua, lakini hana shida ya kubadilisha, kesho atakuwa anajua kingine. (Waingereza wana neno refu kama treni kwa ajili ya mjuaji, lililotokana na hadithi ya mchoraji wa Ugiriki aliyemwambia fundi viatu asikosoe picha zaidi ya kiatu. Hapo sioni wivu, letu linatosha na ni fupi.) Mbumbumbu ni hajui tu, na ukimwelekeza taratibu anaweza kujua. King'ang'anizi yuko karibu, lakini hata mimi ninayemdai mtu viatu vyangu vya kukodi ni king'ang'anizi, na haki iko kwangu.

Nikakumbuka madrasa. Ustadhi wetu Usangi alitufundisha kwamba jahili ni wa namna mbili. Kuna jahili basiti: hajui, na anajua kwamba hajui. Kuna jahili murakabu: hajui, na hajui kwamba hajui, ujinga juu ya ujinga kama ghorofa. Sijasikia mgawanyo mzuri kuliko huo. Lakini mwenyekiti wetu haingii hata ghorofani, maana yeye ameambiwa, tena mbele ya watu arobaini. Mzee wa Kilatini akaleta ya kwao, "watu wenye shingo ngumu", Kutoka 32:9. Tukamwambia mzee, hiyo ni kauli ya Mungu aliyekwisha kukasirika, nani ataitamka kwenye kikao cha vikoba? Muuza kahawa, kijana, akasema sisi tunaita kukaza fuvu. Ni kweli mnaita. Jaribu sasa kumwambia mzee wa miaka 70 kwamba amekaza fuvu, halafu uombe mkopo mwezi ujao.

Hapo ndipo nilipoona tatizo liko wapi, na ndilo ninalolileta kwenu. Maneno yetu yote ya jambo hili ni rungu. Ukimwita mtu mkaidi, jahili, shingo ngumu, umemvua nguo. Aliyevuliwa nguo hatafuti ukweli, anatafuta nguo. Mumpsimus haliumi. Linachekesha. Ndani yake mna padri mzee na misa yake, na kosa dogo la herufi moja ambalo yeyote angeweza kulifanya.

Tena sisi watu wa Kilimanjaro ndio wa kwanza tunaostahili neno hili, kwa sababu mlima wetu ulipata mtu wa namna hiyo kabla haujapata mpanda mlima.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, akitokea Mombasa na msafara mdogo, aliona weupe juu ya mlima akadhani wingu. Akamuuliza kiongozi wake, Mswahili wa pwani, ule weupe ni nini. Kiongozi akamjibu neno moja: baridi. Pwani hakuna theluji, angeiitaje? Rebmann mwenyewe ametoka nchi ya theluji, akaitambua. Taarifa yake ikachapishwa London mwaka 1849, na pale pakawa na bwana mmoja, William Desborough Cooley, msomi wa jiografia ya Afrika ambaye Afrika yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Alisoma vitabu vya kale, ramani za Wareno, akazungumza na wasafiri. Alikuwa ameshaamua Afrika ilivyo. Theluji karibu na ikweta haikuwemo. Akaandika kwamba Rebmann hakuiona theluji kwa macho, aliiona kwa mawazo yake.

Sawa, mtu mmoja anaweza kuota. Lakini mwaka 1861 akaja Baron Carl Claus von der Decken na mtaalamu wa miamba, Richard Thornton, wakaupima mlima. Mwaka 1862 Decken akarudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na usiku theluji ikawaangukia kwenye hema. Cooley akaendelea kukataa. Mtu ameangukiwa na theluji kichwani, na bwana aliyeketi London kwenye kiti anamwambia haijanyesha.

Kinachonifurahisha mimi ni kitu kingine alichoandika Rebmann. Alisimuliwa kwamba Mangi, yaani mtawala wa Kichagga, Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wakaangalie kile kitu cheupe ni nini. Wengi hawakurudi, na aliyerudi alikuwa ameharibiwa mikono na miguu na baridi. Lilikuwa jambo la kikatili kwa waliotumwa. Lakini Mangi hakujua, akatuma watu waangalie. Cooley hakujua, akatuma wino.

Watani zangu Wachagga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitakia kuku. Sikatai. Kwa hiyo kama Mpare namshauri marehemu Cooley asikate tamaa: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo kileleni mwaka 1912 imeshayeyuka. Akivumilia kidogo atashinda kwa rufaa.

Pale kijiweni tulitaka kumwita mtu wa namna hii "mkuli", kwa heshima ya Cooley. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini akatukatalia palepale. Kuli ni mbeba mizigo, ana jasho lake, hamuwezi kuchukua jina la mtu aliyebeba magunia mkampa mtu aliyebeba kalamu. Tukaliacha.

Sasa zamu yangu, maana nisingewaandikia kama mikono yangu ingekuwa misafi.

Kila mwongoza wageni aliyepita njia ya Marangu anaijua hadithi ya zawadi. Malkia Victoria alikuwa na milima miwili ya theluji, Kenya na Kilimanjaro. Mjukuu wake Kaiser Wilhelm, mfalme wa Wajerumani, hana hata mmoja, akalia. Bibi akampa Kilimanjaro kwenye siku yake ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda ukauzunguka mlima. Niliisimulia kwenye kibanda cha Mandara, pa kulala wapanda mlima, jioni, supu ikiwa mezani, na nilikuwa na sehemu zangu za kusimama, sehemu za kuinua mkono. Wageni walicheka kila mara. Usiku mmoja kulikuwa na Mjerumani mzee, mwalimu mstaafu wa historia. Hakucheka. Alingoja wenzake waende kulala, akaniuliza taratibu, "Kaiser yupi?" Nikamwambia Wilhelm, mjukuu. Akatoa daftari, akaandika 1886, chini yake 1888. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani waligawana eneo hili kwa mkataba. Wilhelm mjukuu alikalia kiti mwaka 1888. Aliyekuwa Kaiser siku ya kugawana ni babu yake mzaa baba, mzee wa miaka 89, na huyo Victoria hakuwa bibi yake. Mlima ulikwenda kwa Wajerumani kwa mezani, na kabla ya hapo, mwaka 1885, mtu wao Jühlke alikuwa ameshakuja kumsainisha mkataba Mangi Rindi wa Moshi, yuleyule Mandara ambaye jina lake lilikuwa mlangoni mwa kibanda tulichokaa. Akachana ile karatasi akanipa.

Niliikunja nikaiweka mfukoni. Wiki iliyofuata, kundi jipya, supu mezani, nikasimulia zawadi ya Malkia. Na mkono nikainua palepale pa kuinua. Niliendelea hivyo miaka minne, na karatasi ninayo mpaka leo. Najua mtasema nilifuata bakshishi, na kweli hadithi ile ilikuwa inalipa. Lakini haikuwa hiyo tu. Ukishasema jambo mara mia mbili, linakuwa kama njia uliyoikanyaga mwenyewe. Ukiambiwa siyo njia, miguu inakataa kabla ya kichwa.

Wenzetu wa Arusha wasicheke, na mnara wao wa saa wanaousema uko katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Ukivuta uzi ulionyooka kati ya miji hiyo, katikati yake inaangukia Kongo, zaidi ya kilomita 1,000 magharibi ya huo mnara. Ukiwaambia, wanasema "kwa barabara". Ukiuliza barabara ipi, wanaagiza chai.

Kuna upande wa pili, na huo unawahusu ninyi zaidi. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1545 Mfalme Henry wa Nane alilihutubia Bunge lake akilalamika kwamba watu wa dini wanagombana: wengine wamekakamaa kwenye mumpsimus yao ya zamani, wengine wanahangaika mno na sumpsimus yao mpya. Mfalme yule hakuwa mtu wa kupigiwa mfano, waulizeni wake zake. Ila kwa hilo aliona mbali. Yuko mtu wa sumpsimus, na Kiswahili kinaye. Ni yule ambaye mtu akisema "nimekusubiri masaa mawili" hasikii kwamba amesubiriwa, anasikia "masaa" tu. Kusahihisha kwake ni starehe. Nimemwona akikatiza hotuba ya msiba. Yule binti wa kikundi chetu hakuwa hivyo, alianza na shikamoo na samahani, lakini nina hakika mzee alishakutana na wa aina hiyo mahali, na alimjibu huyo wa zamani kupitia kwa binti. Mkitupa neno la kwanza, tupeni na la pili, yasafiri pamoja.

Sasa ile sababu iliyonifanya nichukue kalamu. Mwezi uliopita nilimsindikiza mwenyekiti kurudi kwake baada ya kikao. Tulipofika kwenye daraja akasimama, akaegemea chuma, nikadhani amechoka. Akaniuliza bila kunitazama:

"Hivi yule mwalimu alisema ni lipi?"

"Kuwasilisha, mzee."

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile. Nilikwenda nyumbani nikamuuliza mjukuu wangu, akanifungulia kwenye simu." Akakaa kimya kidogo, maji yakipita chini. "Sasa niambie wewe, naanzia wapi? Nikisimama mwezi ujao nikasema kuwasilisha, ukumbi mzima utageuka kumtazama yule binti."

Sikuwa na jibu. Kuna mlango wa kuingilia kosa, watu wote tunaingia hapo tukipigiwa makofi; wa kutokea hatujachonga. Angekuwa na jina la kile kitu, jina la utani, angeweza kusimama akasema, "Jamani, nilikuwa na ka-nanii kangu, leo nakaacha," watu wakacheka naye wala wasimcheke yeye, na biashara ikaisha.

Mkisema lugha haina nafasi, nitawakumbusha kazi zilizokwisha kufanyika. Barakoa lilikuwa shela la uso la wanawake wa pwani, limelala kwenye masanduku ya mabibi; mwaka 2020 likaamshwa, leo kila mtoto wa chekechea analijua. Kishikwambi tulikicheka kilipokuja, sasa tunakiibiana. Na lipo lililo karibu zaidi na ombi langu: kasumba. Asili yake ni ya afyuni, kitu cha mvutaji, kinachomlevya asitake kingine. Mtu fulani, hatumjui, akaona kwamba hata fikra zinaweza kumkaa mtu kichwani kwa namna hiyo, akaliazima. Leo tukisema kasumba ya kikoloni hakuna anayefikiria kiko. Lakini kasumba hupandikizwa na mtu mwingine. Hili la kwetu tumelipanda wenyewe na tunalimwagilia.

Kijiweni tumeshaanza kutumia letu. Halikuamuliwa na mtu, lilitoka lenyewe baada ya hadithi ya mwenyekiti kuzunguka. Mtu akitoa habari ambayo imeshakanushwa mara tatu, anaambiwa, "Hilo ni wakilisho." Akizidi: "Mzee, una mawakilisho mengi leo." Juzi muuza kahawa amemwambia mteja anayeamini kahawa yake ina unga wa mahindi, "Kaka, usiniwakilishe," na wote wawili wakacheka, na mteja akanywa. Mimi mwenyewe nimekiri hadharani wakilisho langu la Kaiser, nikaionyesha na ile karatasi. Sikufa. Nimeshangaa ilivyokuwa rahisi.

Najua matatizo yake. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi kule Zanzibar wanaweza kuhoji, na watakuwa na haki. Mwanafunzi anaweza kuliandika kwenye mtihani wa Kidato cha Nne akakatwa alama, na mzazi akaja kunitafuta mimi. Pengine pwani, Lamu, Pemba au Ngazija, kuna neno zee zuri la mtu huyu ambalo sisi watu wa bara hatujawahi kulisikia. Kama lipo litoeni, tutaliacha letu siku hiyohiyo. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu na mashahidi wapo. Mkiona nimeanza kulitetea wakilisho baada ya kuonyeshwa lililo bora, mjue nimeugua ugonjwa wa barua yangu.

Ninachoomba ni lolote, ila liwe jepesi mdomoni. Liweze kusemwa na mjukuu kwa babu yake bila kutafutiwa fimbo, pia na mwanachama mpya kwa mwenyekiti. Na kwenye kamusi, pale mnapoweka mfano wa sentensi, msimweke mjinga wala mlevi kama mlivyozoea. Wekeni mtu mwema.

Kikao chetu kijacho ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mzee amenipa taarifa niisome mimi, anasema macho yanamsumbua. Macho yake ni mazima, anasoma gazeti bila miwani. Nimekubali, kwa sharti kwamba neno la mwisho atalisema yeye. Hajanijibu.

Naomba kuwasilisha.

Mkodisha viatu vya mlima,
Moshi.

Nakala: Mwenyekiti wa kikundi (kwa mkono).